Masanduku Matupu ya Skarvhamn

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Oktoba, taa za njia ya kurukia ndege bado zinawaka. Oddny Isaksen amesimama nyuma ya kioo cha ukumbi mdogo wa uwanja wa Skarvhamn, kaskazini kabisa mwa Norwei. Mikono yake iko ndani ya mifuko ya koti la njano. Anatazama miguu ya watu.

Ndege ndogo ya mapangaboi imezima injini. Abiria saba wanashuka ngazi mmoja mmoja, wameinamisha vichwa kwa sababu ya upepo.

"Sura inadanganya," anasema bila kugeuka. "Kiatu hakijui kudanganya. Yule wa mbele ana buti la mpira, huyo ni wa hapa. Yule mama kavaa misumari ya barafu chini ya soli, anatoka hospitali. Sasa mwone yule wa mwisho."

Wa mwisho ni mwanamume mrefu mwenye mkoba wa kompyuta. Viatu vyake ni vya ngozi, vyeusi, soli nyembamba. Anatembea kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga mayai. Katikati ya njia anasimama, anatazama saa yake ya mkononi, kisha anageuka kuitazama ndege.

Oddny ameshanyanyua simu.

"Borghild? Yupo mmoja. Ndiyo, saa kaitazama. Njooni."

Anakata simu, anatoka nje kupokea mizigo.

Oddny ana umri wa miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia katika jengo hili lenye vyumba vitatu. Kazi yake haina jina moja. Anakagua tiketi, anapima mizigo, kisha anavaa glavu na kuipakia mwenyewe. Ananyunyizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu. Kabla ya kila ndege kutua, anaendesha gari la njano kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia ya kurukia kuhakikisha hakuna jiwe, mbweha wala bonge la theluji. Kahawa pia ni yake.

Mtu mwingine wa kudumu hapo ni Eilert, anayekaa mnarani na kuwasomea marubani upepo kwa redio. Eilert ni mtu wa maneno machache, lakini kuhusu Oddny yanamtoka.

"Huyu hata mjumbe wa Mungu akishuka hapa, atamkagua viatu kwanza," anasema.

"Na wewe ungemkaribisha na keki," Oddny anamjibu kutoka chini ya ngazi. "Ndiyo maana umewekwa juu huko, usiongee na watu."

Tabia ya kutazama viatu ina chanzo chake. Miaka kadhaa iliyopita, watu wawili kutoka ofisi moja ya mji mkuu walishuka hapa. Walikunywa kahawa ya Oddny, wakasifu bahari, wakauliza maswali ya kirafiki. Miezi michache baadaye ikatoka ripoti. Ilisema uwanja wa Skarvhamn unaweza kufungwa, kwa kuwa wa Storbukt uko ng'ambo tu ya mlima.

"Walichukua rula wakaiweka kwenye ramani," anasema Oddny. "Rula haipandi mlima Februari. Na keki yangu walikula vipande viwili kila mmoja."

Tangu siku hiyo, Skarvhamn ina desturi ambayo haimo katika kanuni yoyote ya usafiri wa anga. Akishuka mgeni asiyejulikana mwenye viatu vya mjini, Oddny anapiga simu moja tu. Ndani ya muda mfupi ukumbi unajaa. Watu wanakuja na masanduku, wanapanga foleni, wanaagana kwa kukumbatiana, wengine wanafuta machozi. Masanduku ni matupu. Hakuna anayekwenda popote.

Siku nyingine ndege huondoka hapa na abiria wawili. Mbele ya mgeni mwenye viatu vyembamba, inaonekana kana kwamba kijiji kizima kinahama.

Desturi ina sehemu ya pili, nayo ni majibu. Mgeni akiuliza kama ndege huchelewa, haichelewi. Akiuliza kuhusu upepo, upepo upi? Akiuliza inachukua muda gani kutoka kusini hadi hapa, anapewa muda mfupi kuliko ukweli, ili aandike kwamba uwanja huu unafanya kazi kama saa ya ukutani.

"Hatukuuona kama uongo," anasema Oddny. "Wao walipima kwa rula, na sisi tukapima kwa ulimi."

Oktoba ya mwaka jana alishuka mtu wa aina hiyo. Alikuwa mrefu, mwenye lafudhi ya kusini, na viatu ambavyo Oddny anavikumbuka hadi leo.

"Vya kahawia. Vina vitundu vitundu. Kwa theluji! Nikasema, huyu ndiye."

Alijitambulisha kwa jina la Jostein Tveit na kusema anatoka Lindesund, mji mdogo katika ncha ya kusini kabisa ya nchi. Kutoka Lindesund hadi Skarvhamn, mtu akivuta mstari ulionyooka, ni karibu kilomita elfu moja na mia saba. Ni nchi nzima, kutoka unyayo hadi utosi. Abiria hubadilisha ndege mara mbili, na ile ya mwisho hutua kwenye viwanja vingine viwili kabla ya kufika.

Jostein alisimama mbele ya meza ya Oddny wakati kijiji kikijipanga nyuma yake na masanduku.

"Samahani mama. Nikitoka Lindesund asubuhi, safari yote ni muda gani mpaka hapa?"

"Unauliza kwa nini?"

"Nataka tu kujua."

Oddny anasema neno hilo ndilo lililomkamilishia hesabu. Watu wa ofisi wote hutaka tu kujua.

"Masaa sita," akamjibu. "Pamoja na kusubiri."

"Hata wakati wa baridi?"

"Baridi ndiyo hewa nzuri zaidi. Ndege inateleza tu."

"Na ikitokea imeshindwa kutua?"

"Mimi niko hapa tangu nikiwa binti, baba. Unaniona nina wasiwasi?"

Ukweli ni kwamba ndege zenyewe hukaa hewani kwa karibu saa nne, lakini kungojea katikati huongeza saa nyingine tano siku ikiwa nzuri. Siku mbaya ndege hupita juu ya Skarvhamn, watu wakaisikia bila kuiona, ikaenda kutua Storbukt.

Jostein alishukuru. Alizunguka kijijini mchana ule, akapiga picha za barabara, akatazama nyumba ya wazee kwa nje, akarudi kwa ndege ya jioni. Hakuna aliyemkaribisha kahawa. Kabla ya kupanda alimtazama Borghild, dereva wa greda la theluji la kijiji, aliyekuwa akimkumbatia Eilert kwa mara ya tatu.

"Shangazi anasafiri?" akamuuliza Oddny kwa sauti ya chini.

"Anakwenda kwa wajukuu. Miezi miwili."

"Miezi miwili," alisema Jostein. "Na sanduku linaning'inia kwenye kidole kimoja."

Jioni ile Oddny alimsema sana Borghild. Tangu wakati huo sanduku la Borghild lina viazi.

Miezi minne ilipita bila ripoti yoyote. Kisha, asubuhi moja ya Februari, simu ya uwanjani ikalia. Alikuwa Synnøve, muuguzi wa kituo cha afya cha Skarvhamn.

"Oddny, leo tuna mgeni, na nimeruhusiwa kusema sasa tu. Mzee Nikolai Persen anarudi nyumbani. Mwanawe anamleta."

Jina hilo lilimfanya Oddny akae chini. Nikolai Persen ni mmoja wa vijana waliosawazisha mwamba na kuijenga njia ya kurukia ya Skarvhamn. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya rola siku ya mwisho. Uzeeni mapafu yalimwishia, akahamia kusini karibu na mwanawe wa pekee, aliyekulia huko kwa mama yake na kubeba jina la ukoo wa mama.

"Mwanawe nani?" Oddny aliuliza, ingawa anasema tayari alikuwa anajua.

"Jostein. Si alikuja hapo vuli? Kaniambia mlimweleza vizuri sana. Mzee anapumua kwa mtungi wa oksijeni, na daktari wa kule kamruhusu kwa masharti ya muda. Masaa sita, na akiba ya mawili. Mitungi waliyobeba ni ya muda huo."

"Synnøve, kwa nini hamkusema?"

"Mzee alikataa. Alisema akifia njiani, asiwe amewasumbua watu kungoja."

Oddny aliweka simu chini, akatazama nje. Soksi ya upepo, ile ya kitambaa juu ya mlingoti, ilikuwa imenyooka kama mkono unaoonyesha kidole.

Alipanda mnarani. Eilert alikuwa ameshavaa vipokea sauti, anatikisa kichwa.

"Unatoka ubavuni," alisema. "Na unaongezeka."

"Watatua?"

"Oddny bwana, mimi nasoma upepo, siupangi."

"Nimekuuliza, watatua?"

"Hawatatua."

Abiria walikuwa tayari njiani tangu alfajiri, wakichelewa kidogo kidogo katika kila uwanja. Mchana, wakati ule ambao kwa hesabu ya Oddny Jostein na baba yake walipaswa kuwa wamekwishafika na kuvua makoti, walikuwa ndiyo kwanza wanaruka kutoka kituo cha mwisho. Watu wa Skarvhamn walisikia injini zikishuka ndani ya wingu. Taa mbili zilionekana juu ya bahari, zikayumba, kisha zikapanda tena.

Eilert akasema kwenye redio maneno mawili matatu. Halafu akawasha kipaza sauti cha ukumbini, ambacho huwa hakitumii. "Wanakwenda Storbukt."

Storbukt haina muuguzi. Kituo chao cha afya kilifungwa zamani na kuunganishwa na cha Skarvhamn, kwa kuwa kiko ng'ambo tu ya mlima. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito mjini tangu asubuhi. Na juu ya mlima, kizuizi cha barabara kilikuwa kimeshushwa kwa sababu ya dhoruba.

"Sikumwambia mtu kitu cha kishujaa," anasema Oddny. "Nilimpigia Borghild. Nikamwambia, shoga, safari hii tunasafiri kweli."

Synnøve, ambaye hakuweza kukiacha kituo bila muuguzi, alileta mitungi mitatu, wakaifunga kwa blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari la Oddny. Borghild alitangulia na greda. Kwenye kizuizi, kijana wa zamu alitoka kibandani akipunga mikono.

"Barabara imefungwa!"

Borghild alifungua dirisha. "Najua imefungwa, mwanangu. Mimi ndiye ninayeifunguaga."

"Siwezi kuruhusu gari dogo."

"Gari dogo gani? Mimi sioni gari dogo. Wewe unaona?"

Kijana alitazama taa za Oddny ndani ya theluji kwa muda, kisha akasema haoni.

Oddny anasema hakumbuki mengi ya njia ile, isipokuwa taa ya rangi ya chungwa juu ya greda, ikizunguka mbele yake. Ilipopotea alisimama. Iliporudi akaenda. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake, akilirudia jibu lake la Oktoba, neno kwa neno, pamoja na lile la hewa nzuri.

Walifika jioni. Tangu wasafiri waondoke Lindesund, saa kumi na mbili zilikuwa zimepita.

Ukumbini Storbukt, Jostein alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Alipomwona Oddny, hakusimama.

"Masaa sita, mama," alisema. "Ulisema masaa sita."

Oddny alimpita, yeye na mtungi, akapiga magoti upande wa pili. Kwenye kiti alikaa mzee mwenye kofia ya sufu ya kijani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, macho yamefumbwa. Oddny alibadilisha mpira wa kupitishia hewa kama Synnøve alivyomwelekeza, akafungua koki. Walingoja, yeye, Jostein na Borghild.

Hatimaye mzee akafumbua macho.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza. Ndiyo salamu ya huku.

"Wa Isak wa gatini. Oddny."

"Aa. Baba yako alikuwa mwongo mkubwa." Akapumua. "Lakini mtu mzuri."

"Mzee, nimekosa. Nilimwambia mwanao..."

"Najua ulichomwambia. Nilimwambia daktari hivyo hivyo." Mzee alikuwa akipumzika kila baada ya maneno machache. "Unadhani mimi siwajui watu wa kwetu? Mtu wa Skarvhamn akisifu kitu, zidisha mara mbili. Nilizidisha. Ikawa kumi na mbili."

Jostein alimtazama baba yake. "Ulijua? Baba, ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema kumi na mbili, daktari angeniruhusu?"

"Basi. Nilikuwa nafunga koki mkiwa hamniangalii. Saa moja nafungua, saa nyingine nafunga. Nimepumua kwa kubana matumizi." Akafumba macho tena. "Kuna kahawa hapa, au mpaka niugue zaidi?"

Borghild ndiye aliyecheka kwanza. Jostein alitoka nje bila koti na kukaa huko kwa muda. Aliporudi alibeba mtungi mmoja hadi kwenye gari, bado bila kusema na Oddny. Walivuka mlima usiku huohuo, nyuma ya taa ya chungwa.

Daktari aliyempokea alimpa mzee siku chache. Mzee Nikolai aliishi hadi Mei, katika chumba cha nyumba ya wazee chenye dirisha linalotazama uwanja. Jostein alichukua likizo akakaa naye, akanunua buti. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajaanza kuja uwanjani kunywa kahawa ya Oddny, na mara ya kwanza alikaa mbali na meza yake.

Kitu kimoja kilikuwa kinamkera mzee. Alikuwa amekuja kutua kwenye njia aliyoijenga, na hakutua.

Asubuhi moja ya Aprili, bahari ikiwa imetulia na jua limerudi, Oddny alikwenda nyumba ya wazee na gari la njano. Kanuni haziruhusu abiria kwenye gari la ukaguzi. Alimweka mzee kiti cha mbele, mtungi miguuni, akamwita Eilert kwa redio.

"Naomba kuingia njiani kwa ukaguzi."

"Uko na nani humo?" aliuliza Eilert.

"Peke yangu."

"Msalimie," alisema Eilert. "Njia ni yenu."

Aliendesha taratibu, kutoka kibao cha kwanza hadi taa za mwisho, pale mwamba unapokatika na bahari kuanza. Mzee aliweka kiganja kwenye kioo. Walipofika mwisho akatazama walikotoka.

"Ni fupi," alisema.

"Ndivyo ilivyo siku zote, Mzee."

"Mimi nilidhani ni ndefu zaidi. Tulipokuwa tunaijenga ilikuwa haiishi."

Akamwomba Oddny ageuze, waipite tena. Waliipita mara nne.

Alipozikwa, udongo ulikuwa ndiyo kwanza umelainika. Kijiji kizima kilikwenda, na hapakuwa na haja ya simu ya Oddny. Kofia ya kijani ilisahaulika kwenye gari la njano. Sasa iko kwenye msumari ukumbini, juu ya mashine ya kahawa, na wageni hudhani ni ya Eilert.

"Nitampelekea Jostein mwenyewe," anasema Oddny. Katika miaka yote hii ya kupandisha watu ndege, hajawahi kufika Lindesund. Kiangazi kijacho amepanga kwenda njia yote, kutoka utosi hadi unyayo, kukaa kwenye kila ukumbi wanamokaa abiria wake na kungoja wanakongojea. "Nataka niujue muda wa safari hii kwa kiuno changu. Watu wanauliza. Nilikuwa nawajibu kitu nisichokijua."

Anatumaini uwanja utakuwepo wa kurudia. Uamuzi mpya wa ofisi unatarajiwa masika. Kuhusu uongo wa Oktoba ile, anaposikia watu wakisema yaliisha salama, uso wake hubadilika.

"Hayakuisha salama. Yaliisha vizuri kwa sababu mzee alikuwa mjanja kuliko mimi. Angekuwa mtu mwingine?" Anachukua kalamu mezani. "Sasa nina swali langu, nauliza kwanza kabla ya kujibu."

Mgeni wa leo, mwenye viatu vyeusi, amemaliza kutembea ukumbini akitazama dari, viti na milango. Anakuja kwenye meza. Mlangoni nyuma yake watu wameanza kuingia, wakipangusa theluji mabegani.

"Habari za asubuhi," anasema. "Hivi, kutoka kusini kabisa mpaka hapa, kwa kawaida inachukua muda gani?"

Oddny anaweka kalamu chini. Anamtazama, mara hii usoni, na kwa muda mrefu.

"Nani anasafiri?"

"Samahani?"

"Kuna mgonjwa? Mzee? Mtoto? Kuna mtu unataka kumleta?"

Mgeni anacheka kidogo, anashika tai yake. "Hapana, hapana. Hakuna mtu. Nataka tu kujua."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

Oddny anashusha pumzi, na mabega yake yanalegea. Anammiminia mgeni kahawa.

"Masaa sita," anasema. "Hatuchelewagi."

Nyuma ya mgeni, Borghild anaingia akiwa ameinama upande mmoja, anaburuta sanduku kwa mikono miwili.